Nyumba ya Kwanza Kuhama kwa Ajili ya Dini

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Watu wakitajiwa hijra, aghlabu yao hukumbuka pango la Thauri, na safari ya Mtume (S.A.W.) pamoja na Sayyidna Abubakar (R.A.), na ni haki yao kuyakumbuka hayo, kwani ndipo miaka ya Waislamu ilipoanza kuhesabiwa. Lakini kabla ya safari ile, mnamo mwaka 622, walikwisha tangulia watu wengine, na wengi wao walikuwa ni watu na wake zao na watoto wao, waliofunga mlango wa nyumba na kutoka na kile kilichoweza kuchukuliwa na ngamia mmoja. Katika hao iko nyumba moja ambayo bibi wake, alipoitaja baadaye, aliisema kuwa ndiyo nyumba ya kwanza iliyohamia kwa Mtume wa Mungu. Darsa hii ni ya nyumba hiyo.

Bwana wa nyumba ni Abdullahi bin Abdil-Asad, wa mlango wa Makhzumu katika Makureshi, na watu walimwita Abu Salama kwa jina la mwanawe. Mama yake ni Barra binti Abdil-Muttalib, bassi Mtume (S.A.W.) ni mtoto wa mjomba wake, tena ni ndugu yake wa kunyonya, kwani wote wawili walinyonyeshwa na Thuweba. Bibi wa nyumba ni Hind binti Abi Umayya, naye pia ni wa Makhzumu, na kwa mwanawe huyo huyo akaitwa Ummu Salama. Baba yake alikuwa na lakabu ya Zadu r-Rakib, maana yake chakula cha msafiri, kwa sababu mtu aliyefuatana naye njiani hakuwa na haja ya kuchukua masurufu. Yeye ndiye aliyewalisha wote. Ijulikane bassi kwamba hawa hawakuwa maskini waliotafuta riziki ya nchi nyingine. Walikuwa watu wa nyumba kubwa, na mlango wao ni mlango wa Abu Jahli, na kwa hivyo maudhi yao yalitoka kwa ndugu zao wenyewe, watu waliokula nao sinia moja.

Safari yao ya kwanza ilikuwa ya bahari, na watu wa pwani wataifahamu upesi. Katika mwaka wa tano wa utume, yaani mnamo mwaka 615, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza masahaba zake nchi ya Uhabeshi, kwa kuwa mfalme wake, Najashi, hadhulumiwi mtu mbele yake. Wakatoka kwa siri, wengine wamepanda na wengine kwa miguu, hata bandari ya Shuaiba, kusini ya Jidda. Wakakuta vyombo viwili vya wafanyi biashara, wakavushwa kwa nauli ya nusu dinari. Makureshi wakawafuata nyuma hata wakafika pwani, wakakuta vyombo vimekwisha tweka. Riwaya mashuhuri yasema walikuwa wanaume kumi na mmoja na wanawake wanne, na katika wanne hao alikuwamo Bibi Ummu Salama.

Baadaye ikawafikia khabari ya kuwa watu wa Makka wamesilimu wote. Wakarejea, na walipokaribia mji wakajua ya kuwa khabari ile ni uwongo. Hapo mtu hakuweza kuingia ila kwa siri au kwa kuingia katika ulinzi wa mkubwa mmoja, na Abu Salama akaingia katika ulinzi wa mjomba wake, Abu Talib. Watu wa Makhzumu wakaja kumlalamikia Abu Talib, wakamwambia ya kuwa amekwisha wazuilia mtoto wa nduguye, Muhammad, je, na huyu wa kwao wenyewe ana haki gani naye? Akawajibu ya kwamba huyu amemtaka ulinzi, na ni mtoto wa dada yake, na ikiwa hawezi kumlinda mtoto wa dada hataweza kumlinda mtoto wa ndugu. Hata Abu Lahabi, kwa uadui wake wote, siku ile alisimama upande wa nduguye. Bassi tazama damu ya ujomba ilivyofanya kazi hata katika mioyo isiyoamini.

Maudhi yalipozidi wakavuka tena. Wapokezi wa sira wamepokea kwamba Abu Salama alikwenda Uhabeshi mara mbili, na mara zote mbili mkewe yu pamoja naye. Khabari ya kukaa kwao huko, na ya wajumbe wawili wa Makureshi waliomletea Najashi zawadi za ngozi ili awarudishe wale wakimbizi, na ya Jaafari bin Abi Talib kusimama mbele ya mfalme na kumsomea mwanzo wa Sura ya Maryamu hata mfalme akalia, yote hiyo kwa asili yake imepokewa kutoka kinywani mwa Bibi Ummu Salama. Naye ameshuhudia ya kwamba walipata kwa Najashi jirani mwema kabisa, wakasalimika na dini yao, wakamuabudu Mwenyiezi Mungu pasipo kuudhiwa wala kusikia neno la kuchukiza. Hata miaka mingi baadaye, Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, yeye na Bibi Ummu Habiba walilitaja kanisa walilolionea Uhabeshi, na uzuri wake, na picha zilizokuwamo, na Mtume akakataza kuyafanya makaburi kuwa misikiti na kutia sura ndani yake. Walikaa katika nchi ya dini nyingine, wakaona yaliyomo kwa macho yao, wakamtaja kwa wema mwenye kuwafanyia wema, wala dini yao haikutikisika. Mtu aogopaye kwamba kukaa na majirani wa dini nyingine lazima kuondoe imani ya nyumba yake, na aitazame nyumba hii. Naye adhaniye kwamba haidhuru kitu kuacha Sala kwa sababu yu ugenini, vile vile na aitazame.

Kisha ikafunguka njia ya Madina. Abu Salama alikuwa mtu wa kwanza katika Makureshi kuhamia huko, na ilikuwa yapata mwaka mmoja kabla ya baia kubwa ya Akaba. Na hii ndiyo siku iliyo nzito kuliko siku zote za nyumba hii, na mwenye kuisimulia ni bibi mwenyewe.

Abu Salama alimtengeza ngamia, akampandisha mkewe, akampakatisha mtoto wao Salama, akashika hatamu akatoka nao. Watu wa Bani Mughira, ndio ndugu wa yule bibi, wakamwona wakamsimamia njiani. Wakamwambia kwamba nafsi yake ni yake na ameshindana nao juu yake, lakini huyu mwanamke ni wao, kwa nini wamwachie azunguke naye katika nchi za watu? Wakamnyang'anya hatamu mkononi, wakamchukua. Hapo watu wa Bani Abdil-Asad, ndio jamaa za mume, wakaghadhibika, wakasema ya kuwa ikiwa mke ameondolewa kwa mtu wao, bassi na mtoto wao hawatamwacha kwake. Wakamvuta mtoto huku na hawa wakamvuta huku, hata mkono wake ukateguka. Wakaenda naye watu wa upande wa baba. Mume akashika njia ya Madina, mke akafungwa kwa watu wake, mtoto akabaki kwa watu wengine. Nyumba ya watu watatu ikawa mahali patatu kwa saa moja.

Bibi Ummu Salama amesema kwamba alikuwa akitoka kila siku asubuhi, akikaa katika bonde la Abtah, asiache kulia mpaka jioni. Akaendelea hivyo mwaka mzima au karibu ya mwaka.

Huenda mtu akauliza: Abu Salama aliwezaje kwenda zake? Jawabu ni kwamba alikuwa mtu mmoja mbele ya milango miwili ya Makureshi, na hakuwa na nguvu ya kuirudisha hatamu ile. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyiezi Mungu amewalaumu wenye uwezo waliokaa katika dhulma na ardhi ni pana, kisha akawatoa katika lawama hiyo walio dhaifu, wanaume na wanawake na watoto, wasioweza hila wala hawaioni njia. Mume alikuwa na njia, mke hakuwa nayo, na kila mmoja amehesabiwa kwa hali yake. Lakini iko tofauti ambayo haifai kufichwa. Wako wanaume wa pwani waliokwenda bara, au waliovuka bahari kwa biashara, wakamwacha mke na mtoto miaka mitatu, miaka mitano, hapana masurufu wala barua, na siku ya kuondoka kwao hapakuwa na mtu aliyewanyang'anya hatamu. Hao wasitafute udhuru wao katika hadithi ya Abu Salama.

Siku moja akapita mtu mmoja katika binamu zake, akamwona alivyo, akamwonea huruma. Akaenda kwa watu wa Bani Mughira, akawaambia: je, hamumwachilii huyu maskini, mliyemtenga na mumewe na mwanawe? Maneno ya mtu mmoja yakatosha. Wakampa ruhusa, na Bani Abdil-Asad nao wakamrudishia mtoto. Akampanda ngamia wake, akamweka mtoto mapajani, akaelekea Madina peke yake, safari ya zaidi ya maili mia mbili jangwani.

Alipofika Tan'im, nje kidogo ya Makka, akakutana na Uthmani bin Talha wa Bani Abdi d-Dar, naye siku hiyo bado ni mshirikina. Akamuuliza aendako, na yu pamoja na nani. Akamjibu kwamba hana mtu ila Mwenyiezi Mungu na mtoto wake huyu. Yule bwana akaapa kwamba hawezi kumwacha hivi, akashika hatamu ya ngamia akatangulia kwa miguu. Bibi amesema hakupata kufuatana na Mwarabu mwenye muruwa kama yule. Wakifika mahali pa kutua, humpigisha ngamia magoti, kisha hujitenga mpaka bibi ashuke. Ndipo huja akamtua mzigo, akamfunga ngamia mtini, akaenda kulala chini ya mti mwingine mbali. Wakati wa kuondoka ukifika, humtengeza ngamia, akamleta, akarudi nyuma, akamwambia apande. Akafanya hivyo siku zote za njia. Walipokiona kijiji cha Bani Amri bin Aufi huko Kuba, akamwambia kwamba mumewe yumo kijijini humo, na aingie kwa baraka ya Mungu. Naye akageuka akarudi Makka.

Wanavyuoni wameitaja safari hii katika mlango wa mwanamke kusafiri bila maharimu, wakasema kwamba mwenye kutoka kwa kuiokoa dini yake yu katika dharura, na hukumu yake si hukumu ya safari ya hiari. Hilo ni la fikihi, na mahali pake ni vitabu vya fikihi. Lililo la kila mtu kulikumbuka ni kwamba adabu ya siku zile ilishikwa na mtu asiyeamini bado, na Mwenyiezi Mungu hakuipoteza. Uthmani alisilimu katika mwaka wa nane, na Makka ilipofunguliwa mwaka huo huo, Mtume (S.A.W.) alimrudishia mkononi mwake ufunguo wa Al-Kaaba, na ufunguo huo ungali katika ukoo wao, kwa Bani Shaiba, mpaka leo.

Nyumba ikawa moja tena. Lakini kufika si kukaa. Madina ya siku zile ilikuwa nchi ya homa, na waliohama wengi waliugua. Sayyidna Abubakar na Bilali walilala kitandani, na Bilali katika homa yake alikuwa akiyataja mabonde ya Makka na majani yake. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari akawaombea, Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na homa yake aihamishe. Kuitamani nchi ya kuzaliwa hakukuhesabiwa kwao kuwa ni upungufu wa imani. Waliombewa tu waipende na ya pili.

Na ugeni una machungu mengine, nayo ni kutojulikana. Bibi Ummu Salama alipowaambia wanawake wa Madina kwamba yeye ni binti wa Abu Umayya bin Mughira, hawakumsadiki. Binti wa mtu mkubwa kama yule, na hali hii? Ikawa hivyo mpaka walipotoka watu kwenda kuhiji Makka, wakamwambia awaandikie jamaa zake. Akaandika, na wale waliporudi wakasema ni kweli. Ndipo heshima yake ikazidi. Mtu mwenye nasaba katika mji wake huenda akawa hana jina katika mji wa watu, na barua moja ikamrudishia. Na asiye na wa kumwandikia barua afanyeje? Wenyeji wa mji na wafikiri neno hilo wakimwona mgeni mlangoni.

Katika Ansari kulikuwa na ukarimu ambao mfano wake ni nadra. Walimtaka Mtume agawanye mitende yao baina yao na ndugu zao waliohama. Akakataa, wakakubaliana kwamba wageni wasaidie kazi ya mashamba, na matunda washirikiane. Na Saad bin Rabii alipomwambia Abdurrahmani bin Aufi achukue nusu ya mali yake, yeye alimwombea baraka katika mali yake, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda soko la Bani Kainukaa, akachuma kwa jibini kavu na samli. Mwenyeji alitoa na mgeni alijizuia, na kwa hayo mawili mji ule ukasimama. Kama wenyeji wangalifunga mikono, wageni wangalikufa; na kama wageni wangalikaa kitako wakingoja kupewa, udugu ule usingalifika mwaka wa pili.

Abu Salama alipigana Badri, kisha Uhudi katika mwaka wa tatu, na huko akapata jeraha la mkono. Likafunga juu, ikadhaniwa amepona. Mwanzo wa mwaka wa nne Mtume (S.A.W.) alimtuma na watu 150 kwenda Katan, kwa Bani Asad, na aliporudi lile jeraha likafumuka, na katika Jumada ya mwisho akafa. Mtume aliingia akamkuta macho yamekaa wazi, akayafumba kwa mkono wake, akawaambia kwamba roho ikichukuliwa macho huifuata. Akamwombea apandishwe daraja, akunjuliwe kaburi na kutiwa nuru, na Mungu awaangalie aliowaacha nyuma.

Bibi Ummu Salama alisema moyoni mwake: huyu ni mgeni, na amekufa katika nchi ya ugeni, nitamlilia kilio kitakachosimuliwa. Akajitayarisha, na akaja mwanamke mmoja kutoka sehemu za juu za mji kumsaidia kuomboleza. Mtume (S.A.W.) akamkabili yule mwanamke, akamuuliza kama ataka kumwingiza shetani katika nyumba ambayo Mungu amekwisha mtoa mara mbili. Bibi Ummu Salama akajizuia, asilie kilio kile. Yeye ndiye aliyekaa Abtah mwaka mzima akitoa machozi wala hakulaumiwa. Machozi hayakukatazwa, kilichokatazwa ni kilio cha kukodiwa sauti na kusimuliwa mitaani. Na katika miji ya pwani, ambako matanga huweza kula urithi wa mayatima kabla ya eda kwisha, neno hili lafaa kusomwa zaidi ya mara moja.

Tena alikumbuka dua ambayo mumewe alimletea siku moja nyumbani baada ya kuisikia kwa Mtume: ya mtu aliyefikwa na msiba kukiri ya kuwa yeye ni wa Mungu na kwake atarejea, kisha akaomba malipo ya msiba wake na badala iliyo bora. Akaanza kuisema, na alipofika penye badala ulimi ukasita. Ni nani aliye bora kuliko Abu Salama, mwenye nyumba ya kwanza iliyohama? Kisha akaisema. Hakuisema kwa sababu alikwisha iona badala. Aliisema naye haioni.

Eda ilipokwisha, Sayyidna Abubakar akamposa, kisha Sayyidna Omari, na wote hakuwakubali. Mtume (S.A.W.) alipoposa, hakukimbilia kuitika, alitaja nyudhuru zake waziwazi: ana wivu, ana watoto, na walii wake hapana hata mmoja aliyepo. Akajibiwa kwamba wivu ataombewa umwondokee, watoto Mungu atawatosha, na katika mawalii wake, aliyepo na asiyepo, hapana atakayechukia. Akaolewa katika Shawwali ya mwaka ule wa nne. Watoto wa Abu Salama walikuja na mama yao, nao wakalelewa mapajani mwa Mtume. Hata hivyo siku moja alimuuliza kama ana thawabu katika kuwatumilia watoto wale, na yeye hawezi kuwaacha hivi na hivi kwa kuwa ni wanawe; akajibiwa kwamba ana thawabu ya kila awatumiliacho.

Swali lake jingine ni kubwa kuliko hilo. Alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba hasikii Mwenyiezi Mungu akiwataja wanawake katika khabari ya hijra. Kwa hilo, kama alivyopokea Tirmidhi, ikateremka aya iliyo mwisho wa Sura ya Aali Imrani, ya kwamba Mola hapotezi amali ya mtendaji yeyote, akiwa mwanamume au mwanamke, na kwamba waliohama na kutolewa majumbani mwao na kuudhiwa katika njia yake atawafutia makosa yao. Wanaume waisomao aya hii katika Sala ya usiku na wajue ya kuwa iliombwa na mwanamke aliyenyang'anywa mtoto njiani.

Aliishi mpaka akawa wa mwisho kufa katika Mama wa Waumini, na hadithi alizozipokea zimepita 300. Binti yake Zainabu alihesabiwa katika wanawake wenye fikihi zaidi Madina katika zama zake. Na mwanawe Omari, ambaye Sayyidna Ali alimtawalisha Bahreni, alipokuwa mzee alikuwa akisimulia jambo moja dogo la utoto wake. Alikuwa akila pamoja na Mtume (S.A.W.), na mkono wake ukizunguka huku na huku katika sinia. Mtume akamfunza: ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Omari amesema kwamba tangu siku hiyo huo ndio ukawa ulaji wake.